Mkono wa Kulia Ulikuwa Wapi

Wodi ya wanaume, Msambweni
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Mwalimu Mbodze,

Shikamoo. Ukiona mwandiko umelala upande usinidhanie vibaya, ni mimi mwenyewe niliyelala. Mguu wangu wa kulia umetundikwa kwa kamba, na mwisho wa kamba kuna chuma kizito. Kila nikicheka kile chuma kinacheza, na nesi ananitazama kama nimeiba. Na mimi hucheka sana. Mzee wa kitanda cha pili anasema tangu niletwe amesahau kilichomleta.

Nimesikia kwamba siku ya kufunga darasa, Jumamosi ya tarehe 28, kila mwanafunzi atatoa aya moja juu ya siku moja ya maisha yake, na zilizo nzuri zitasomwa mbele ya watu wa Mwabungo, wazee na wazazi wakiwepo. Mwalimu, usijichoshe kutafuta. Itakayosomwa ni yangu. Darasa lako la watu wazima lina watu ishirini na nusu yao wanashika kalamu kama jembe. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini vidato vya mnazini nimevimaliza vyote, na kwa maneno hakuna wa kunifunika.

Simu sina, ilipotea siku niliyoanguka, kwa hiyo tutaandikiana hivi kama watu wa zamani. Tarishi ni Tsofa, mkwezi mwenzangu, unamjua, yule anayekaa dawati la nyuma na hasemi. Wazee wamemwamuru aniletee chakula kila Jumanne na Ijumaa mpaka nitembee. Sababu yake utaiona kwenye aya. Isome umekaa.

“Siku moja mimi Swabir, mkwezi mashuhuri wa pwani yote hii, nilikwea mnazi mrefu kuliko mnara wa simu wa Ukunda. Upepo ulivuma, mawingu meusi yakatanda, tai wakanizunguka. Watu mia walikuwa chini wakinishangilia. Mara, kwa hila za binadamu, nilianguka kama ndege aliyekatwa mabawa, nikatua kishujaa, wala sikutoa chozi.”

Nesi ameisoma akasema huyu angekuwa mbunge.

Mwanafunzi wako wa kwanza, hata ukinificha,
Swabir


Mwabungo
Jumanne, 10 Septemba 2024

Swabir,

Marahaba. Pole na mguu, na pole zaidi kwa huyo nesi.

Nilipita shambani kwa Bi Mwanatumu nikauona mnazi wenyewe. Ni mrefu, ila mnara wa Ukunda hauna wasiwasi. Futa tai. Futa na wale watu mia, maana Bi Mwanatumu ameniambia siku ile mlikuwa wawili tu, wewe na Tsofa, na yeye alikuwa jikoni.

Nikueleze jambo ambalo huwa nawaeleza wote na hakuna anayenisikia mara ya kwanza. Aya ya maisha yako haikudai uwe shujaa. Inataka mtu mmoja, siku moja, na kitu kimoja kilichompata. Anza karibu na kitu chenyewe, usianze na mawingu. Andika ulichokiona, ulichokisikia, ulichokuwa umekishika. Msomaji akishaiona mikono yako, mengine yote atakuamini.

Halafu “hila za binadamu” ni nini? Hapo umejificha. Kama kuna mtu alifanya jambo, mtaje, useme alifanya nini. Kama hakuna, ondoa.

Andika tena, fupi. Uzuri wako ni kwamba huogopi karatasi. Wenzako wengi hapa wanaiogopa.

Mwalimu wako,
Mbodze


Msambweni
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Tai nimewafukuza. Walinipendeza lakini amri ni amri.

Umesema nimtaje mtu. Sikutaka, kwa sababu mimi ni mtu wa huruma, lakini wewe ndiye mwalimu. Basi ujue mambo yetu ya kazini, maana kwenu Kinango minazi ni ya kuhesabu. Sisi tunakwea wawili wawili. Mmoja anachonga vidato kwenye mti, vile vipande vya kutia mguu, na mwenzake anakwea kuangua. Aliyechonga ndiye mwenye dhamana. Mti ukimwangusha mwenzake, lawama ni yake, wala haulizwi mara mbili. Na mti ulioangusha mtu haukwewi tena na yeyote mpaka aliyeanguka atembee. Hivi sasa ule mnazi umekaa tu na nazi zake, kwa heshima yangu.

Vidato vya siku ile alichonga Tsofa. Wazee walipokuja hapa wodini nikawaambia kidato kilivunjika. Tsofa alikuwa amesimama pale miguuni pa kitanda. Akapiga magoti, akaniomba radhi mbele ya wazee, mama yangu na wagonjwa wote. Nikamsamehe. Ungeniona, mwalimu. Nilimwekea mkono kichwani nikasema, “Ndugu yangu, binadamu hukosea.” Mzee wa kitanda cha pili alilia. Tsofa akakatazwa kukwea, na akapewa kazi ya kunilisha.

Hivi ninavyoandika yuko dirishani anangoja vyombo. Anaitazama kalamu yangu inavyokwenda. Namwambia, weye tazama tu, ukiweza kusoma huu mwandiko nitakupa mguu wangu mmoja. Hacheki. Huyu hajui mzaha.

Aya hii hapa:

“Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nilikuwa juu ya mnazi wa Bi Mwanatumu, nimeshaangua makole mawili ya nazi. Nilikuwa nimeushika mti kwa mikono yote miwili. Niliposhusha mguu wa kulia, kidato alichochonga mwenzangu Tsofa kilivunjika. Nilisikia kitu kama kuni inapasuliwa. Nikaanguka.”

Fupi kama ulivyotaka. Sasa niambie nani ataisoma siku hiyo, wewe au mgeni wa heshima?

Swabir


Mwabungo
Jumanne, 17 Septemba 2024

Swabir,

Hii ni kazi. “Kitu kama kuni inapasuliwa”, hapo nilisikia nikashtuka. Umeanza palepale, hukupiga domo. Nimeisomea darasa jana kama mfano. Samahani, nilipaswa kukuuliza kwanza.

Nikuulize kitu kimoja, ili iwe nzuri zaidi. Mzee Fondo, aliyekwea miaka thelathini kabla ya magoti kumkataa, aliinua mkono akasema haelewi. Anasema kidato kikivunjika mguu unaning’inia, lakini mikono ikiwa imeshika mti, mtu anabaki hapohapo anatafuta kidato kingine. Limemkuta mara tatu. Wakwezi wengine wakaitikia. Mimi si mkwezi, sijui. Lakini msomaji akikwama mahali, mwandishi hurudi pale akatazama tena. Hebu rudi ukatazame. Mguu wa kulia ulikuwa unashuka. Mkono wa kushoto ulishika nini? Mkono wa kulia ulikuwa wapi?

Tsofa alikuwepo. Aliinama anachonga penseli mpaka ikaisha. Tangu akatazwe kukwea anakata mawe kule machimboni, na viganja vimefanya malengelenge, kalamu inamtoka. Hata hivyo haji kuchelewa hata siku moja. Sasa anasoma gazeti, polepole, kwa kidole. Nimekueleza ili usimwahidi mguu wako ovyo.

Mbodze


Msambweni
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Sikujua kuwa siku hizi aya zinapelekwa mahakamani. Mzee Fondo hakuwepo. Kama anajua sana, aje alale hapa atundikwe yeye. Nimeandika nilivyoandika. Mikono ilikuwa mtini. Mkono wa kulia ni mkono wangu, mimi ndiye ninayejua ulikuwa wapi.

Wewe ulisema nimtaje mtu. Mimi nilikuwa nimeandika hila za binadamu nikanyamaza. Ni wewe.

Na kwa nini umeisoma mbele yake?

Swabir


Mwabungo
Jumanne, 24 Septemba 2024

Swabir,

Una haki ya kukasirika. Ningekuuliza kwanza kabla ya kuisoma. Na ni kweli nilikusukuma umtaje mtu. Hilo limeninyima raha tangu Ijumaa, kwa sababu ulimtaja kwangu ukiwa umeshamtaja kwa wazee, na mimi nikafurahia mwandiko.

Ndani ya bahasha hii kuna aya ya Tsofa. Ni ya kwanza kuiandika maisha yake. Aliniletea Jumapili, nikamuuliza kama naweza kukupa uisome. Akasema, “Mpe. Nitaibeba mwenyewe.” Sikusahihisha ila nukta mbili.

Aya zenu ni za siku moja na mti mmoja. Haziwezi kusomwa zote mbili Jumamosi mbele ya watu walewale. Ningeweza kuchagua, lakini sitaki kuchagua. Ukiniambia niondoe yake, nitaiondoa, kwa sababu yeye mwenyewe amesema niisome tu kama wewe umekubali. Nami nitajua kwa nini niliiondoa.

Nangoja jibu Ijumaa.

Mbodze


[Iliyokuwamo ndani ya bahasha]

“Swabir alianguka Jumatano. Mimi nilikuwa chini nakusanya nazi. Nilisikia anaongea peke yake juu, nikacheka. Halafu alianguka karibu na miguu yangu. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa analia ananiambia Tsofa usiniache. Nilirudi nikaokota panga na simu yake imevunjika kioo. Nikavitia kikapuni nikampa mama yake. Baada ya wazee kunikataza, siku ya tatu nilikwenda peke yangu alfajiri, nikaukwea ule mti. Ninajua ni kosa. Niligusa vidato vyote kwa mkono, kimoja kimoja. Vyote vipo. Nilishuka. Sikumwambia mtu kwa sababu nilikuwa nimekatazwa.”


Msambweni
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Mwalimu Mbodze,

Shikamoo.

Aya ya Tsofa niliisoma Jumanne ileile, wali wake ukiwa mdomoni. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya magoti, ananitazama ninavyosoma. Nilipofika kwenye simu nikashindwa kumeza. Yeye akadhani nimekwamwa, akanimiminia maji.

Ningemwambia palepale. Tulikuwa wawili, mzee wa kitanda cha pili alikuwa amelala. Nilifungua mdomo, nikamuuliza wali umepikwa na nani. Akasema amepika yeye, mama yake anaumwa. Basi. Mimi niliyekwambia hakuna wa kunifunika kwa maneno.

Siku tatu sijafanya mzaha. Nesi amenipima homa mara mbili.

Ulisema nirudi pale nikatazame. Nimerudi. Ukweli ni kwamba nilikuwa narudi kila siku, nikifika kwenye mkono nageuza uso. Simu haikupotea, mama anayo. Nilimwambia aifiche, nikamwambia nisingependa watu wajue nilikuwa na simu kazini, na yeye hakuuliza. Kwa hiyo hata mama nimemtia ndani.

Wala usidhani nilipanga. Wazee walikuja, wakauliza ilikuwaje. Nikaona mama, nikaona wale wagonjwa wananingoja niseme, na mimi tangu nilazwe nilikuwa bingwa wa wodi. Ningewaambia nini? Neno kidato likatoka lenyewe. Halafu Tsofa akapiga magoti, nikaona limeshakuwa kubwa, siwezi kulirudisha. Nikamwekea mkono kichwani. Mwalimu, kuanguka kunauma, lakini ule mkono ndio unaoniamsha usingizini.

Usiondoe ya Tsofa. Soma yake kwanza, halafu yangu hii. Zinaweza kusomwa zote mbili sasa. Usinisahihishe, na usiseme kabla ya kusoma kwamba naumwa nionewe huruma.

“Ilikuwa Jumatano asubuhi, juu ya mnazi wa Bi Mwanatumu. Nilikuwa nimeshaangua makole mawili. Nilitoa simu mfukoni ili nijipige video. Mkono wa kulia ulishika simu. Mkono wa kushoto ulishika kuti, na kuti lilikuwa kavu, na mimi nilijua ni kavu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Nilikuwa najitazama kwenye kioo, natengeneza nywele. Nilisema kwenye simu, Mwabungo nzima hakuna kama mimi. Kuti likachomoka. Kidato hakikuvunjika. Vidato alichonga Tsofa na vilikuwa vizuri. Wazee waliponiuliza nikasema uongo. Aliponipigia magoti nikamsamehe kosa ambalo hakulifanya.”

Tsofa yuko hapa, anangoja bahasha. Nimeifunga kwa gundi. Sijamwambia kilichomo. Nampa aibebe, kwa sababu hata leo sijapata mdomo wa kumwambia mwenyewe.

Swabir


Mwabungo
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Swabir,

Barua hii inaletwa na mama yako.

Nilisoma kama ulivyotaka, ya Tsofa kwanza. Wazee wakaanza kunong’ona nilipofika kwenye kukwea mti uliokatazwa, na mmoja akasimama kumkemea. Nikamwomba akae, kuna nyingine. Nikasoma yako. Sikuongeza neno.

Sitakudanganya kwamba watu walipiga makofi. Nilipofika kwenye zile nywele kijana mmoja alicheka, halafu alipoona wenzake hawacheki akaacha. Mama yako alisimama, akajifunika vizuri, akatoka nje. Nilimkuta baadaye amekaa kwenye ngazi ya darasa. Aliniambia simu ile alikuwa ameiweka chini ya nguo zake, na kila akichukua nguo alikuwa anaiona.

Wazee walikaa kikao papo hapo. Tsofa amefunguliwa, atakwea, na ule mnazi pia umefunguliwa, maana si mti uliokuangusha. Kuhusu kuupanda ule mti wamesema lipite. Chakula hatakuletea tena, hapaswi. Mmoja wao alitaka akuombee ruhusa uje uombe radhi utakapotembea, wakasema hilo halihitaji ruhusa, utajua mwenyewe.

Tsofa alinijia mezani. Aliniomba ile karatasi yako. Nikampa. Akakaa nayo dawati la nyuma mpaka watu wakaisha, anasoma kwa kidole. Alipomaliza aliirudia tena kutoka juu.

Ulisema mwanzoni kwamba itakayosomwa ni yako. Imesomwa. Nimefundisha miaka kumi na moja, sijapata mwanafunzi aliyeandika vizuri nami nikatamani asingekuwa na la kuandika.

Mbodze


Msambweni
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Tsofa,

Salaam aleikum. Hii nampa dada yangu Biasha akupe mkononi. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili isikusumbue, halafu nikakumbuka umeshasoma mbaya zaidi ya hii.

Jumanne saa ya chakula nilisikia viatu kwenye ukumbi nikageuza kichwa. Alikuwa mama. Aliweka bakuli, akakaa, akala na mimi, akaondoka. Mlangoni ndipo akasema chumvi imezidi. Leo tena nimegeuza kichwa, na huku najua huji.

Wodini wameshajua, mama wa mgonjwa wa kitanda cha mwisho ni wa Mwabungo. Mzee wa kitanda cha pili amegeukia ukutani. Yule alilia kwa ajili yangu, unakumbuka.

Nilikuwa nimeandika hapa utani kidogo, nimeukata. Utaona palipokatwa.

Sikuombi unisamehe. Lile neno nililitumia vibaya mbele ya watu, sina haki ya kulishika tena. Ninakwambia tu lile ambalo nilikuwa nalo mdomoni siku ya wali na sikulitoa: vidato vyako vilikuwa vizuri. Nilijua tangu niko hewani.

Na ni kweli nililia barabarani. Nilikuwa nimemwambia mwalimu sikutoa chozi.

Swabir


Mwabungo
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Swabir,

Barua nimeisoma mwenyewe. Sikusomewa na mtu. Neno moja lilinishinda, nikaliruka, nikalirudia, likaja.

Mama yangu hajambo sasa.

Nimeanza kukwea. Mwenzangu ni mtoto wa mzee Fondo. Tumeanza na ule wa Bi Mwanatumu, nazi zilikuwa zimezidi zinaanguka zenyewe. Kuti ulilolishika bado liko chini, kavu vilevile. Bi Mwanatumu alitaka kuliwashia moto, nikamwambia aliwashe tu.

Umesema huniombi msamaha. Vizuri, kwa sababu kwa sasa sina.

Mwalimu anauliza kama utarudi darasani ukitembea. Mimi nimesema sijui. Mahali pako hapajakaliwa.

Ukitoka huko, vidato vyako utachonga mwenyewe.

Mimi,
Tsofa